Skrubu Mdomoni mwa Mzee Peremende

Shemeji yangu hutema kabla ya kusalimia. Wengine huvua kofia, wengine hunyoosha mkono. Yeye hugeuza shingo, akatema kiganjani kile alichokuwa nacho mdomoni, akakifuta kwenye paja la suruali, ndipo akasema, "Hujambo, shemeji." Kile alichotema huwa ni skrubu, au klipu, au vile vimisumari vifupi vya kubania ngozi ya viti. Halafu mkono huohuo anauleta mbele nimpe wangu. Kwa miaka yote tuliyoishi ua mmoja nimejizoeza kuwa na kitu mikononi kila ninapomwona anakuja. Sufuria. Nguo mbichi. Siku moja nilikumbatia ndoo tupu kama mtoto mchanga.

Mtaani wanamwita Mzee Peremende, kwa kuwa shavu lake moja halijawahi kulala. Limevimba saa zote kama la mtoto aliyepewa pipi na mgeni. Wageni humwonea huruma, wakidhani ni jino. Si jino. Ni skrubu.

Ni kaka mkubwa wa mume wangu, na kazi yake ni kuyavika magari ya zamani kwa ndani: viti, dari, bitana za milango, mbao na mikanda ya urembo. Injini haijui na hana haja nayo. "Injini ni tumbo," husema. "Mimi ni fundi wa nguo." Ujana wake wote aliupitishia kwa mshona magodoro mmoja mkali, na huko ndiko alikotiwa huo ugonjwa. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa, wa kulia umeshika nyundo, basi misumari ikae wapi? Mdomoni. Ulimi unaugeuza msumari kichwa kitangulie, midomo inautoa, vidole vinauchukua, unapigwa. Kisha mwingine. Ukimtazama kwa mbali utadhani anacheua.

Alikuwa na mke. Mke huyo aliondoka, na sababu alizozitoa mbele ya wazee zilikuwa ndefu na za heshima. Mimi nilikuwa jikoni kwake siku moja kabla, nikaona kikombe chake cha chai kina skrubu zimelala chini kwenye masalia ya sukari. Sikuhitaji wazee kunieleza zaidi.

Basi mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na hukaa nyumbani kama mgeni, akamwambia kaka yake aje kwetu. Wakasimamisha nguzo, wakaezeka mabati, pakawa karakana. Walipoisimamisha hawakuniuliza, ikawa dirisha langu la jikoni linatazamana na meza yake ya kazi. Nikikoroga uji, namwona. Nikichambua mchele, namwona. Akicheua, namwona.

Haya yote ningeyameza kama si binti yangu. Ni mmoja tu niliyebarikiwa, na mikono yake tangu utoto haikutaka kukaa. Shule ilimshinda mapema kama ilivyonishinda mimi, akaanza kwenda pale chini ya mabati kumshikia Baba Mkubwa kitambaa. Leo ni mke wa mtu, ana nyumba yake mtaa wa pili, na bado kila asubuhi anakuja, anavaa koti la bluu na kuingia kazini. Ni fundi hasa. Watu huleta magari kutoka mbali kwa sababu yake na ya huyo mzee, na gari likitoka pale huwezi kuonyesha kwa kidole wapi lilifunguliwa. Najivunia, sitaki kusema uongo. Lakini alifundishwa kazi yote, na mdomo ukiwemo. Mara ya kwanza nilipoliona shavu la mwanangu limevimba upande mmoja kama la yule mzee, niliacha maziwa yakafurika jikoni.

Nilipiga kelele, nikashindwa. "Mama, ni mkono wa tatu," aliniambia.

"Mkono wa tatu unao ulimi ndani?"

"Ndiyo uzuri wake."

Sasa nije kwenye lile gari.

Lilikuja likivutwa kwa kamba, limekaa bandani miaka mingi tangu mwenyewe afariki. Aliyelileta ni binti yake, mama mmoja mwenye saluni, mpole, mwenye kucha safi mpaka nikaona aibu kwa niaba ya ua wetu. Alitaka gari liwe kama baba yake alivyoliacha. Aliufungua mlango wa mbele, na harufu ikatoka mbio kama ilikuwa ikingojea mtu wa kuipokea.

Nimewahi kuosha maiti. Nimewahi kuzibua choo kwa mkono wakati wa mvua. Harufu ile sitaisahau. Ilikuwa mkojo wa panya uliokauka ukaloa ukakauka tena, na ndani yake kitu kitamu, kama tunda lililooza ndani ya soksi. Walipobandua bitana ya mlango, kiota kizima kikaanguka: pamba ya viti, nywele, maganda ya mayai ya mende, na vitoto vya panya vilivyokauka vikawa kama tangawizi kuukuu. Mwenye saluni akaenda kusimama barabarani. Binti yangu akaishika nguzo, akafumba macho, akapumua kwa mdomo. Hilo nililiona kutoka dirishani na nikalihifadhi.

Mzee Peremende hakuusikia uvundo hata kidogo. Alikuwa na hasira ya jambo jingine.

"Shemeji! Hebu njoo uone ushenzi."

"Nauona kwa pua kutoka huku."

"Achana na panya, panya hana kosa. Njoo uone alichofanya binadamu."

Nikaenda, kitambaa kimefunika pua. Fundi fulani alikuwa ameushika mlango ule zamani, na kwa mara moja maishani mimi na shemeji yangu tulichukizwa na kitu kimoja. Bitana ya gari lile hushikwa kwa klipu za chuma chepesi zilizojificha nyuma yake, kila moja na tundu lake, inaingia kwa mlio mdogo na huioni tena. Yule fundi alizitupa. Mahali pake alichomeka klipu za plastiki za magari ya siku hizi, ambazo kwenye matundu yale zilicheza kama jino bovu. Zilipocheza, akazishikisha kwa bazoka. Bazoka iliyotafunwa! Alama za magego yake zilikuwa palepale, ngumu kama jiwe. Palipomshinda hata kwa bazoka, akapiga skrubu ndefu nyeusi za kufungia dari za nyumba, zikapenya mpaka ndani, na kila kioo kiliposhushwa zilikikwaruza.

"Huyu alizaliwa na mama kweli?" shemeji aliuliza.

"Na wewe unayenyonya misumari ulizaliwa na nani?"

"Mimi nanyonya, simbandiki mtu bazoka mlangoni."

Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa ubao. Chini ya kioo cha kila mlango palikuwa na ubao mwembamba wa mti mgumu, wa rangi ya asali, mahali pa kuegemeza kiwiko. Ubao huo ulifungwa kiwandani kwa skrubu za shaba ya njano, kila moja imekaa juu ya washa, kipete kilichobonyea kama kikombe kidogo. Yule mtu wa bazoka aliweka chuma. Maji ya mvua yanateremka na kioo, ubao unanywa, chuma kinaoza ndani ya ubao, na kinapooza kinalia wino. Kila skrubu ilikuwa imeacha chozi jeusi refu.

Mwenye saluni aliupitisha mkono kwenye ubao wa upande wa dereva. "Baba alikuwa anaweka kiwiko hapa," alisema. "Ubao mpya sitaki. Nataka huuhuu."

Binti yangu akausugua kwa siku nyingi, taratibu, kwa kipande cha msasa na dawa, mpaka machozi yakafutika. Ila ubao ukawa mwembamba. "Yakirudi, Mama," aliniambia, "hakuna tena cha kusugua. Itabidi kuuchoma kuni." Kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya skrubu. Zile za shaba za asili zilikuwa chache, nyingi zilishapotea mikononi mwa yule mshenzi. Shemeji akaenda kwa wauza vyuma chakavu akarudi na kopo zima la skrubu za njano, za vichwa vya mviringo, za mkato uleule wa zamani.

"Hizi zote ni shaba?" nilimuuliza.

"Kuna njano na njano, shemeji. Nyingine ni shaba mpaka moyoni. Nyingine ni chuma kilichopakwa poda, kama bibi harusi. Kwa macho zinafanana, hasa kwa macho haya yangu."

"Utazijuaje?"

Akatabasamu, na jibu nikaliona limevimba shavuni.

Hiyo ndiyo sheria ya karakana yao. Skrubu haiingii kwenye gari mpaka ipite kwenye ndimi mbili. Mzee anaionja kwanza: chuma kina ladha ya damu, shaba ina uchungu wa ganda la chungwa. Akiridhika, anaitema kwenye trei ya mayai. Binti yangu anaichukua kutoka pale, anaionja naye, akiona sawa anaiweka kwenye trei ya pili. Ya pili ndiyo inayofungwa kwenye gari. Wanajivunia hilo kama watu wengine wanavyojivunia cheti ukutani. Mimi nilikuwa nikilitazama dirishani, skrubu zilizotoka kwenye mavumbi ya wauza chakavu, zimekojolewa na nani anajua, zikitoka mdomo wa mzee zikaingia mdomo wa mwanangu, na sahani ya mchana nikaisukuma kando.

Siku hizo nilikuwa na neno jingine moyoni. Binti yangu hajaniambia kitu, lakini mimi nilimzaa. Alianza kuikimbia harufu ya kitunguu. Alianza kuniomba ndimu. Alianza kukaa chini kila alipopata nafasi, mtu ambaye hata kula hula amesimama. Siku moja alikunywa maji ya mtungini akakunja uso. "Mama, haya maji yana kutu?" Maji yalikuwa safi. Nikamwambia labda kikombe. Nilijua. Wakati wa mimba yake yeye, kila nilichotia mdomoni kilikuwa na ladha ya sarafu, kuanzia maji mpaka mate yangu mwenyewe. Nilijua pia kwa nini ananificha: akisema tu, mimi na mumewe tutamtoa pale chini ya mabati, na gari halijaisha.

Nikaenda zahanati kuuliza. Nesi ni kijana, anaheshimu watu wazima. Nikamwambia kuna mtu ninayemfahamu, ana ujauzito, anaweka vyuma vya zamani mdomoni, vingine vimetoka kwenye viota vya panya.

"Anakula udongo pia?" aliuliza. "Wajawazito wengine hutamani vitu vya ajabu."

"Hatamani. Ni kazi."

Akaacha kuandika. "Mama, mtu huyo ni wewe?"

"Mimi na umri huu! Unanitakia mema au mabaya?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema mkojo wa panya una maradhi yake, na rangi za vyuma vya kale zina sumu yake, na mtoto tumboni hana pa kukimbilia. Mtu huyo aache leo, si kesho.

Nilirudi nikitembea kama mtu anayekimbizwa. Nikaingia moja kwa moja karakanani, kitu ambacho sifanyi kwa hiari.

"Toa hicho kitu mdomoni," nikamwambia binti yangu.

Akaniangalia, shavu limevimba. "Mm?"

"Tema!"

"Shemeji," akasema Mzee Peremende kutoka chini ya dari ya gari, "chuma hakiumi. Mimi nimekula skrubu tangu sijaota ndevu, na nimekuzidi umri na afya."

"Wewe hata panya wanakuogopa. Nazungumza na mwanangu."

Binti yangu akatema kiganjani. "Mama, naomba nimalize milango. Skrubu za ubao huu haziwezi kuonjwa na ulimi mmoja. Baba Mkubwa ananitegemea." Alisema kwa upole, ila macho yake yalinikwepa, na alipogeuka aliirudisha skrubu ileile mdomoni. Ikiwa na joto la kiganja.

Nikaona kugombana hakutanifikisha popote. Mkono wa tatu wanautaka, basi niwape mkono wa tatu. Kulikuwa na redio yetu iliyokufa zamani. Nikaipasua spika yake, nikatoa sumaku, nikaichemsha maana redio ile ilikuwa na historia yake na mende, nikaishonea ndani ya mkanda wa kitambaa kigumu wenye kifungo. Mtu anauvaa kifundoni kama saa, skrubu zinaganda palepale, mikono yote miwili iko huru na mdomo uko huru wa kusemea na kulia chakula.

Wakati naushona, shemeji alikuja jikoni kula. Nimfiche nani, nilikuwa nimekasirika, na akili haikuwa kwenye vyombo. Kulikuwa na mchuzi wa jana kwenye sufuria ndogo, umechacha, una mapovu juu, nimeuweka pembeni ili niumwage. Kugeuka, ameshajipakulia. Ameuchovya, ameula, analamba vidole.

"Shemeji, huo…"

"Mtamu," akasema. "Leo umepatia."

Nikaishika meza. Harufu yake tu ilikuwa inatoa machozi. Nikamtazama usoni kuona kama ananitania. Hakuwa ananitania. Alikuwa anakula kama mtu anayejaza shimo. Nikakumbuka kuwa siku hizi anatia chumvi kabla hajaonja. Nikakumbuka siku gari lilipofunguliwa, sisi sote tumekimbia, yeye kasimama juu ya kiota cha panya kama yuko bustanini. Nilikuwa nimeyaona yote hayo na kuyaita uchafu tu. Nikasema moyoni, huyu mtu ulimi wake umekufa.

Siku iliyofuata nikaenda na mkanda wangu. Mlango wa dereva ulikuwa umeshafungwa ubao wake, mzuri mno, skrubu za njano zimepangwa mstari kama vifungo vya koti la bwana harusi. Wa pili ulikuwa mezani. Binti yangu alikuwa ameinama juu yake.

"Nimekuletea saa," nikamwambia.

Akauvaa, akacheka, akapenda. Akagusisha klipu za chuma za bitana, zikaganda. Mzee akaja kutazama, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Nzuri," akasema. "Kwa klipu ni nzuri. Lakini, shemeji, sumaku haishiki shaba. Mwanao akifunga ubao na saa yako hii, skrubu zote zitamwagika kama mtama. Mkono wa tatu utabaki kuwa mdomo tu."

"Unajuaje hazitaganda?"

"Najuaje! Njooni mcheke." Akainyanyua trei ya pili, ile ya skrubu zilizopita kwenye ndimi mbili. "Nyoosha mkono, mwanangu. Mwonyeshe mama yako shaba ni kitu gani."

Akaimimina juu ya mkanda.

Nyingine zilianguka, zikalia sakafuni mlio laini wa shaba. Nyingi hazikuanguka. Ziliganda kifundoni kwa mwanangu zikasimama wima, zimeshikana kama nyuki.

Hakuna aliyecheka. Mzee akaichomoa moja, akairudisha, ikadakwa. Akaichomoa nyingine. Akaitia mdomoni, akainyonya, akatazama juu kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.

"Shaba," akasema. Akaitema juu ya mkanda. Ikaganda, na mate yake juu.

"Mmeichezea trei yangu," akasema, sauti imeanza kupanda. "Nani ameichanganya? Mimi nilionja moja moja! Na wewe ulionja baada yangu."

"Nilionja, Baba Mkubwa."

"Zilikuwaje?"

Binti yangu akafunga mdomo. Nikaona shavu lake. Hata wakati ule kulikuwa na moja ndani.

"Nakuuliza zilikuwaje!"

"Zote ni sawa kwangu," akasema, na machozi yakamtoka. "Kila kitu kina ladha ya sarafu. Maji, ndimu, kila kitu. Nikasema wewe umeshaonja, wewe hukosei, basi nikawa nazipitisha tu."

"Na mimi nilizipitisha," mzee akaanza, kisha akanyamaza.

Nikamalizia mimi. Sikuwa na huruma naye hata kidogo, kusema kweli. "Ulizipitisha ukijua ulimi wa mtoto uko nyuma yako. Tangu lini husikii ladha?"

"Nani kasema sisikii?"

"Mchuzi wa jana ulikuwaje?"

"Mtamu. Si nilikwambia?"

"Ulikuwa umeoza, shemeji. Ulikuwa na povu. Ulikula kitu ambacho nguruwe angewaita wazee waje kukishuhudia."

Alisimama pale, na kwa mara ya kwanza nikauona mdomo wake hauna kazi. Ulikuwa wazi kidogo, mwekundu, mtupu, na mashavu yake yote mawili yakiwa yamelegea alionekana mtu mwingine kabisa.

Aligeuka akaenda kwenye mlango wa dereva, ule uliokwishafungwa. Kioo kilikuwa kimeoshwa jana yake na maji yalikuwa yameteremka. Akachukua bisibisi, akaifungua skrubu ya kwanza, akaiinua washa kwa kucha. Chini yake, kwenye ubao ule wa rangi ya asali, palikuwa na duara jembamba. Halikuwa jeusi bado. Lilikuwa la kijivu, kama wanja uliofutwa vibaya.

"Limeanza," akasema.

"Litatoka," binti yangu akasema, akimsogelea. "Ni juujuu. Tukizitoa zote leo, litatoka."

"Tungemkabidhi yule mama. Mvua ingenyesha." Akaishika ile skrubu kwenye mwanga, akaisugua kwa tupa, poda ya njano ikatoka, chuma cheupe kikacheka ndani. Kisha akamtazama mwanangu, akamtazama kwa makini, kuanzia usoni kushuka mpaka kwenye koti la bluu lililoanza kubana, na hesabu ikamjia polepole. Wanaume huchelewa.

"Ladha ya sarafu," akasema. "Mama yenu mkubwa naye, siku zile, alikuwa anasema hivyohivyo." Hatukuwahi kumsikia akimtaja mkewe. Mtoto wao hakuishi, hilo tunalijua sote, ila halisemwi.

Akanyoosha kiganja mbele ya mdomo wa binti yangu.

"Tema, mwanangu."

"Baba Mkubwa, nani sasa atakayeonja?"

"Hakuna atakayeonja. Tema."

Akatema. Skrubu ikaanguka kwenye kiganja kile cheusi chenye nyufa, ikiwa na mate ya mwanangu, na mzee akaifuta kwenye paja la suruali kama kawaida yake. Nikageuza uso.

Kazi ilianza upya. Zilizoganda kwenye sumaku zikarudi kwenye kopo, na kopo likaenda kwa wauza chakavu. Zilizoanguka zikapigwa tupa chini kidogo, zionekane moyo. Tatizo likabaki lile alilolisema mwenyewe: shaba haikai kwenye mkanda, na binti yangu alihitaji mahali pa kuzisimamisha. Nikakimbia ndani kwa furaha, nikarudi na mche mzima wa sabuni.

"Zichomeke humu," nikasema. "Zitasimama, na zitaingia kwenye ubao kwa ulaini."

Wote wawili wakatikisa vichwa pamoja, kama mtu na kivuli chake. "Sabuni inavuta unyevu, Mama."

"Lete mshumaa," akasema mzee. "Uyeyushe kwenye kopo la samaki. Nta ni kavu."

Basi hata hapo sabuni ikanyimwa nafasi ya kuingia kwenye karakana ile. Nikayeyusha mshumaa. Skrubu za shaba zikasimama ndani yake kama miche, na kila moja ikachomolewa ikiwa na nta yake. Kabla ya kila skrubu ya shaba, binti yangu alitanguliza ya chuma ili ifungue njia, akaitoa, maana shaba ni laini, ukiilazimisha inakatika shingo. Chuma kifungue, shaba ikae. Nilikuwa naangalia kutoka dirishani na kwa mara ya kwanza niliielewa ile kazi, kwa kuwa sikuwa nimefumba macho.

Mwenye saluni alipokuja, aliingia, akakaa upande wa dereva, akaushusha kioo chote. Hakikukwaruzwa. Akaweka kiwiko. Akauliza kama kuna choo karibu, na akakaa huko akilia, nikampelekea maji ya kunawa uso.

Binti yangu bado anafanya kazi. Mumewe alitaka kumtoa, mimi nilitaka zaidi yake, lakini anafunga kitambaa puani, anavaa mkanda wangu kifundoni, viota vya panya anavitoa mzee peke yake, na tumbo sasa linatangulia kuingia karakanani kabla yake. Nesi ameridhika naye. Mimi siridhiki, ndiyo kazi yangu. Kila nikipita na chochote mkononi nasimama pale mlangoni.

"Fungua mdomo," namwambia, kama mtoto aliyeiba sukari.

Anafungua. Anainua na ulimi, nione chini.

Jana alifungua, mdomo ulikuwa safi. Nikageuka kuondoka, nikamwona Mzee Peremende amekaa kwenye kigoda chake, anasubiri zamu yake. Akafungua na yeye. Meno mawili hayapo, na katikati ya ulimi, katika dimbwi la mate, kimesimama kimsumari kimoja cha kubania ngozi.

"Hata ladha huisikii!" nikamwambia. "Cha nini?"

Akakigeuza kwa ulimi, kichwa kikatangulia mbele, akakifuata kwa tabasamu.

"Kimenizoea," akasema.

Nilikwenda kunawa mikono, ingawa sikuwa nimegusa kitu.